Jicho Linaporuka: Jinsi ya Kumwandikia Msomaji wa Intaneti

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya afya iliyojulikana kwa jina la Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu vya Kiswahili chepesi, kisha wakajadiliana. Aliyekwama katika neno alimwuliza kiongozi wa kikundi chake.

Msomaji wa leo aghalabu hupata maarifa ya namna hiyo kwa njia ya intaneti, akiwa peke yake, simu mkononi. Huenda yumo ndani ya basi, au amempakata mtoto mgonjwa. Hana kiongozi wa kumwuliza, wala mwandishi hayupo karibu kumsahihisha anapoelewa vibaya. Kwa hiyo kila jibu ambalo kiongozi angelitoa hapana budi liwemo ndani ya andiko lenyewe, tena mahali ambapo jicho la msomaji litalifikia. Makala haya yanaeleza jinsi jicho linavyosoma, na kanuni za uandishi zinazotokana na maumbile hayo.

JICHO HUSOMA KWA KURUKA

Wengi hudhani kwamba jicho hupita juu ya mstari wa maandishi bila kusita, kama gari moshi juu ya reli. Sivyo. Jicho huruka kutoka mahali hadi mahali, na baina ya miruko hutulia kwa muda wa karibu robo ya sekunde. Maandishi husomwa katika vituo hivyo. Wakati wa kuruka, msomaji hapati kitu. Jambo hili lilianza kuchunguzwa mwishoni mwa karne ya 19, na maabara ya daktari wa macho Louis Émile Javal, mjini Paris, ilikuwa miongoni mwa zile zilizotangulia kulishughulikia.

Sababu ya miruko hiyo imo katika retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho ambao hupokea mwanga. Sehemu ya retina iwezayo kuona kwa ukali kamili ni ndogo sana, na eneo linaloonekana kwa sehemu hiyo lina upana wa nyuzi 2 hivi. Mtu akinyoosha mkono na kutazama kidole gumba chake, upana wa kidole hicho unakaribia kipimo hicho. Maneno yaliyo nje ya eneo hilo huonekana, lakini si kwa ukali wa kutosha kusomeka vyema.

Jaribio. Wanafunzi wawili wakae wakikabiliana. Mmoja ashike kitabu chini kidogo ya macho yake na kusoma kimya. Mwenzake amtazame machoni na kuhesabu miruko anayoiona katika kila mstari. Kisha msomaji akaze macho juu ya neno moja katikati ya mstari, na bila kuyahamisha ajaribu kutaja neno lililo mwanzoni mwa mstari huohuo. Ugumu atakaoupata ni kipimo cha udogo wa eneo hilo la ukali.

MSOMAJI WA INTANETI HUCHAGUA

Asomaye kitabu kwa utulivu hulitembeza jicho mstari baada ya mstari. Mbele ya kioo cha kompyuta au simu mambo huwa mengine. Mwaka 1997 watafiti John Morkes na Jakob Nielsen walitangaza kwamba asilimia 79 ya watu waliowachunguza walipitisha macho juu ya kila ukurasa mpya kwa kudokoa, na asilimia 16 tu ndio waliosoma neno kwa neno. Mwaka 2006 Nielsen alitoa matokeo ya uchunguzi mwingine, uliofuata mwendo wa macho ya watu 232. Mara nyingi jicho lilipita upande hadi upande juu ya mistari ya kwanza, likapita tena kwa ufupi chini kidogo, kisha likateremka kando ya mwanzo wa mistari. Mwisho wa mistari ya chini ulitazamwa kidogo mno.

Katika kazi yao ya 1997 watafiti hao walilinganisha namna mbalimbali za kuandika habari ileile. Andiko lililopunguzwa maneno kwa nusu lilipata alama za kufaa asilimia 58 zaidi ya andiko la kwanza lililojaa sifa na madoido. Andiko lenye vichwa vidogo na orodha lilizidi kwa asilimia 47; lile lililoondolewa majigambo, kwa asilimia 27. Mambo yote matatu yalipounganishwa, ongezeko lilifika asilimia 124.

HATARI YA SILABI MOJA

Uchunguzi huo ulifanywa kwa maandishi ya Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili ana jambo la ziada la kuangalia. Katika Kiswahili kitenzi kimoja huweza kubeba sentensi nzima, na ukanushi hujificha ndani ya neno. Baina ya "apewe" na "asipewe" ipo silabi moja tu. Vivyo hivyo baina ya "anyonyeshwe" na "asinyonyeshwe". Jicho linaloruka hutambua mzizi wa neno na kwenda zake. Silabi ya "si" ikiachwa nyuma, agizo hugeuka kuwa kinyume chake.

Pana na jambo la pili. Viwakilishi kama "hicho", "yake" na "hivyo" hutegemea jina lililotajwa awali. Katika intaneti aya moja hukatwa kwa urahisi na kutumwa kwa watu wengine. Aya inayoanza kwa maneno "Kipimo hicho" ikifika peke yake, hakuna ajuaye ni kipimo gani.

MFANO: MAJI YA MTOTO ANAYEHARISHA

Chukua andiko lifuatalo, lililotungwa kwa ajili ya somo hili:

"Kuharisha ni tatizo ambalo limewasumbua watoto wengi kwa muda mrefu, na wataalamu wamefanya jitihada kubwa za kulitafutia ufumbuzi. Miongoni mwa njia zilizopatikana ni mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari, ambao huweza kutayarishwa nyumbani kwa vijiko nusu na sita katika lita moja, na mtoto asinyimwe maziwa ya mama."

Sarufi yake haina kosa, wala hakuna uwongo ndani yake. Hata hivyo andiko hili ni la hatari. Mistari ya kwanza, ambayo jicho huikagua zaidi, haina agizo lolote. Vipimo vimewekwa mwishoni, na msomaji anaachiwa kazi ya kukisia kipi ni cha chumvi na kipi ni cha sukari. Aina ya kijiko haikutajwa. Neno "asinyimwe" nalo lina vikwazo viwili, ukanushi na maana ya kunyima, ambavyo jicho lenye haraka huweza kuvikosea.

Kosa la vipimo hapa si dogo. Katika utumbo mwembamba, glukosi na chumvi husharabiwa pamoja, na maji hufuata. Hiyo ndiyo siri ya tiba yenyewe. Sukari ikizidi mno, maji huvutwa kuingia utumboni kwa njia ya osmosisi, na kuharisha huongezeka. Chumvi ikizidi, kiasi cha sodiamu katika damu huweza kupanda hadi kuhatarisha maisha ya mtoto. Anayebadilisha nusu na sita humpa mtoto chumvi mara 12 ya kiasi kinachotakiwa.

Andiko hilohilo laweza kuandikwa hivi:

"Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari tangu mwanzo wa kuharisha. Pakiti ya ORS kutoka zahanati au duka la dawa ndiyo bora. Kama hakuna pakiti, changanya:

Maji safi ya kunywa: lita 1.
Sukari: vijiko vya chai 6, vilivyosawazishwa.
Chumvi: nusu ya kijiko cha chai, iliyosawazishwa.

Koroga mpaka vyote viyeyuke. Mtoto anywe kidogo kidogo, mara kwa mara. Mtoto aendelee kunyonya na kula.

Mpeleke mtoto zahanati upesi ukiona damu katika choo chake, akitapika kila anachokunywa, au akilegea."

Kila kipimo sasa kimekaa katika mstari wake, na jina la kitu limetangulia mwanzoni mwa mstari, ndipo jicho linaposhuka. Agizo la kunyonyesha limetolewa kwa kauli ya kukubali.

KANUNI ZA KUKUMBUKA

1. Jambo kuu liwe katika sentensi ya kwanza. Historia na sababu zifuate baadaye.
2. Kila aya ibebe wazo moja, nayo itaje jina la kitu kinachozungumzwa, ili iweze kujitegemea ikitumwa peke yake.
3. Kila tarakimu iambatane na kipimo chake. Tarehe iandikwe kwa mwaka wake, maana andiko huweza kusomwa miaka mingi baada ya "jana" na "juzi" kupita.
4. Agizo litolewe kwa kauli ya kukubali. Pale ambapo katazo ni la lazima, liwekwe katika sentensi yake pekee, kwa neno lililo wazi kama "marufuku" au "hatari".
5. Maneno ya kusifu na ya kujaza nafasi yaondolewe. Ufupi, hata hivyo, usile maana: katika mfano uliotolewa, maneno "vya chai" na "vilivyosawazishwa" ndiyo yanayolinda kipimo.

MAZOEZI

(a) Mwanafunzi achague aya moja ya kitabu chake cha baiolojia au kemia na kuiandika upya kwa ajili ya msomaji wa simu, kwa maneno yasiyozidi nusu ya yale ya awali. Darasa lichunguze kama kuna ukweli uliopotea.

(b) Mwanafunzi akusanye vitenzi kumi vyenye ukanushi kutoka katika matangazo ya afya, na kuandika kila agizo upya kwa kauli ya kukubali pale inapowezekana.

(c) Mwanafunzi aandike maelezo ya kazi moja ya vitendo, kwa mfano kuchuja maji yenye tope, na kumpa mwenzake ayafuate. Mwandishi akae kando na kunyamaza. Kila mahali mwenzake anaposita au kukosea patiwe alama, na maelezo yasahihishwe papo hapo. Yakiisha kusahihishwa, apewe mtu mwingine ambaye hajayaona. Kazi imekamilika siku mtu huyo atakapoifanya sawasawa bila kuuliza neno.