Hela imeingia. Ni ya nini?

Wadau, leo nawapeleka Marekani kidogo, halafu tunarudi dukani.

Kule kuna kampuni zinazokamata hewa ya ukaa kiwandani na kuisukuma chini ya ardhi, kwa kawaida zaidi ya mita 800, kwenye mwamba wenye vitundu vidogovidogo kama sponji. Jimbo kama North Dakota, sheria inasema nafasi hiyo ya chini ni ya mwenye ardhi ya juu. Kwa hiyo mkulima analipwa.

Sasa swali la mtu wa kodi: umekodisha au umeuza? (Kwetu "kodi" ni neno la yote mawili, basi ya kukodisha nitaiita pango.)

Tuchukulie kalipwa dola 50,000, na sehemu ile ya ardhi aliinunua kwa 30,000 miaka mingi nyuma. Ikiwa ni pango, zote 50,000 ni kipato cha mwaka huo. Kama yuko kwenye kiwango cha asilimia 22, anatoa 11,000. Ikihesabika ameuza haki ya kudumu, anaondoa kwanza 30,000 zake, inabaki faida ya 20,000, na kiwango kinaweza kuwa asilimia 15. Hapo ni 3,000. Hela ileile jamani!

Na kuandika "mauzo" juu ya karatasi hakusaidii. Wanaangalia ametoa nini hasa. Mkataba wa miaka kadhaa, kisha nafasi inarudi kwake? Hilo ni pango.

Haya, dukani. Mwezi huu simu yako imepokea 600,000: magauni 400,000, kaka kakukopesha 120,000, na 80,000 umeuza simu yako ya zamani. Mauzo ni 400,000 tu. Tanzania, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka anakadiriwa kodi kwa mauzo. Ukipeleka taarifa ya miamala nzima bila maelezo, 200,000 isiyo mauzo nayo inaweza kuhesabiwa.

Mimi naandika daftarini siku hiyohiyo, neno moja mbele ya kila muamala: mauzo, mkopo, changu. Mkopo naomba na ujumbe wa maandishi, hata kama ni wa kaka, hata wa WhatsApp. Ukiuza kitu cha biashara yenyewe, mfano cherehani, kiandike peke yake pamoja na bei uliyonunulia, umuoneshe mhasibu.