Vidokezo 7 vya Kuchagua Baruti na Vichwa vya Risasi kwa Lee-Enfield Yako

Hongera! Umeipata Lee-Enfield yako ya .303, fundi bunduki ameikagua na kuipitisha, karatasi za umiliki ziko sawa, na sasa unataka kushindilia risasi zako mwenyewe. Umechagua bunduki nzuri. Ndiyo waliyobeba askari wa King's African Rifles, na iliyotunzwa vyema bado inapiga shabaha vizuri. Vidokezo hivi ni vya wasomaji wetu walio Marekani, Kanada na kwingineko ambako raia anaruhusiwa kushindilia. Ukiwa Tanzania au Kenya, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, kwa hiyo huko soma kwa kujifunza tu. Haya, tuanze kazi!

1. Pima mtutu kabla ya kufungua pochi

Jina .303 lisikudanganye. Ukipima ndani ya mtutu, kutoka mfereji hadi mfereji, unatarajia kukuta kama inchi 0.312, lakini mitutu iliyotengenezwa haraka wakati wa vita inatofautiana sana: mmoja 0.311, mwingine 0.315. Utajuaje wako? Hakikisha bunduki haina risasi, toa komeo, paka mtutu mafuta, kisha gonga taratibu kipande cha risasi laini kipite kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kikitoka kimechongwa na mifereji, kipime kwa maikromita. Hapa pana mtego: mitutu mingi ya Lee-Enfield ina mifereji mitano, hivyo mfereji mmoja hauangaliani na mwenzake na kipimo kinatoka kidogo kuliko ukweli. Dawa yake ni kuzungushia kile kipande ukanda mwembamba wa bati unaoujua unene wake, kupima, halafu kutoa unene huo mara mbili. Ukibahatika kuwa na No. 4 ya Savage au Long Branch yenye mifereji miwili, umepumzika.

2. Kichwa kijae, kisichezecheze

Vichwa vya .308 vimejaa madukani na bei yake inavutia. Viache. Ndani ya mtutu wa 0.312 vinapwaya, gesi inapita pembeni, na shabaha inatawanyika kila upande. Tafuta vya 0.311 au 0.312, Sierra wanavyo, Hornady wanavyo. Mtutu wako umechoka kidogo? Jaribu kwanza vyenye kitako bapa kabla ya vile vilivyochongoka nyuma, maana kitako bapa huziba gesi vizuri zaidi. Na kama mtutu ni mpana kweli, vichwa vya kusubu vya risasi tupu, vilivyozidi kipimo cha mifereji kwa elfu moja au mbili ya inchi, vinaweza kuirudishia uhai bunduki uliyokuwa umeikatia tamaa. Hakikisha tu risasi iliyokamilika inaingia chemba bila kulazimishwa.

3. Heshimu uzito ambao bunduki iliundiwa

Tangu 1910 jeshi la Uingereza lilitumia risasi ya Mark VII, yenye kichwa cha greini 174, yaani gramu 11 na kidogo, iliyotoka kwa mwendo wa futi 2,440 hivi kwa sekunde. Namba zilizochorwa kwenye kifaa cha kulengea cha nyuma zinafuata risasi hiyo. Ukianza na greini 174 au 180, nusu ya kazi ya kulenga umeshafanyiwa. Kichwa cha greini 150 nacho kinafaa kwa uwindaji, ila usishangae kikigonga mahali tofauti na namba zinavyosema.

4. Baruti ya mwendo wa kati ndiyo rafiki

Bunduki hii imepitia mengi. Mtangulizi wake, Lee-Metford ya 1888, alianza na baruti nyeusi. Kodaiti isiyo na moshi ikaja 1891, na joto lake likaila mifereji ya Metford hadi Waingereza wakachonga mipya, yenye kina zaidi, kule Enfield. Aina ya baruti ni jambo zito kiasi gani? Waulize askari wa jeshi la Wajerumani waliopigana Tanga Novemba 1914: wengi walikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871 za baruti nyeusi, na kila wakifyatua, wingu la moshi linawaonyesha walipo. Baada ya kuwashinda Waingereza waliokota bunduki 455 za kisasa zilizoachwa uwanjani na risasi 600,000. Unaweza kukisia walivyozifurahia!

Leo, kwa .303, angalia IMR 4895, H4895, IMR 4064 au Varget. 4895 ilizaliwa kwa ajili ya bunduki ya Garand wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na vita vilipokwisha Bruce Hodgdon akanunua masalio ya jeshi na kuwauzia walenga shabaha. Siri ya kuchagua kati ya baruti hizi ni hii: pendelea baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda. Ukijisahau ukamimina mara mbili, itamwagika mezani na utaiona. Baruti kali ya bastola inakaa chini kabisa ya ganda, na kipimo cha mara mbili kinajificha humo kikisubiri uso wako.

5. Anzia chini, na ubaki mpole

Komeo la Lee-Enfield linajifunga kwa nyuma, si mbele kama la Mauser, na kikomo cha shinikizo cha .303 kwa vipimo vya Marekani ni pauni 49,000 kwa inchi ya mraba. Kwa hiyo usiazime kamwe vipimo vya .308. Fungua kitabu cha mtengenezaji, tafuta kichwa chako na baruti yako, anza na kipimo cha chini kilichoandikwa, na ukibadilisha kitu badilisha kimoja tu. Unataka risasi laini zaidi kwa bega? Hodgdon wanaruhusu H4895 ishushwe hadi asilimia 60 ya kipimo chao cha juu. Ruhusa hiyo ni ya H4895, usiipeleke kwenye baruti nyingine.

6. Ganda lina habari zako

Chemba hizi zilichongwa kwa nafasi kubwa ili risasi iingie hata ikiwa na matope. Matokeo yake ganda linavutika kila unapofyatua, na siku moja hukatika karibu na kitako. Kunja ncha ya waya mwembamba, iingize ndani ya ganda, ipandishe ukikwaruza ukuta kutoka chini. Ukihisi mfereji, au ukiona kwa nje mstari unaong'aa, tupa. Ili ganda lidumu, bana shingo tu wakati wa kulirekebisha, na liache mwili wake na umbo la chemba yako. Nunua maganda yenye tundu moja la fataki. Yale ya kijeshi yenye matundu mawili hayatoki fataki kwa vifaa vya kawaida.

7. Kopo moja mezani, basi

Baruti mbili zinaweza kufanana kama mapacha na moja ikavunja bunduki. Kopo moja tu mezani, lebo yake ikiwa palepale. Baruti yenye harufu ya asidi au vumbi la rangi ya kutu imeoza, usiitumie.

Kabla hujanunua hata kopo la kwanza, nunua kitabu kipya cha vipimo, cha Hornady, Sierra au Lyman, na ukisome sura ya .303 mwanzo hadi mwisho. Fanya hivyo wikiendi hii.