Kansa ya Tezi ya Juu ya Figo: Kidonge Kisichoachwa



Juu ya kila figo ipo tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hizi hutengeneza homoni ya kotisoli, ambayo huusaidia mwili kustahimili homa na majeraha. Kansa yake ni adimu: kwa mwaka humpata mtu mmoja au wawili katika watu milioni moja. Dalili zaweza kuwa uso kujaa na kuwa wa mviringo, presha kupanda, mwanamke kuota ndevu, au mtoto mdogo kubalehe kabla ya wakati.

Tiba ya kwanza ni upasuaji. Kansa ikiwa imeenea, mgonjwa hupewa vidonge vya mitotani, mara nyingi pamoja na dawa tatu za dripu: etoposaidi, doksorubisini na sisplatini. Katika utafiti wa wagonjwa 304 uliotangazwa mwaka 2012, mchanganyiko huu ulipunguza uvimbe kwa wagonjwa 23 hivi katika kila 100. Kwa wengi, basi, dawa hizi huuchelewesha ugonjwa tu, haziuondoi.

Sisi wauguzi twataka familia zishike jambo moja. Mitotani huua chembe za kansa, lakini hudhoofisha pia tezi nzima iliyobaki. Mwili hukosa kotisoli. Ndiyo maana mgonjwa hupewa haidrokotisoni kila siku. Ndugu akimwonea huruma na kusema, "Vidonge vimezidi, acha hiki," mgonjwa aweza kuishiwa nguvu, presha ikashuka, akafa.

Nyumbani tukumbuke haya:

1. Mitotani imezwe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta.

2. Haidrokotisoni isiachwe hata mitotani ikisimamishwa, mpaka daktari aseme. Mitotani hukaa mwilini kwa muda mrefu.

3. Akiugua homa, haidrokotisoni huongezwa. Mwulizeni daktari mapema kiasi gani, nacho kiandikwe.

4. Akitapika dawa, apelekwe hospitali mara moja kwa sindano. Mwelezeni mhudumu dawa anazotumia.

5. Homa baada ya dripu ni hatari, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zimepungua. Msisubiri asubuhi.

6. Mkojo mwekundu siku moja au mbili baada ya doksorubisini ni rangi ya dawa.

Kumwuguza mgonjwa ni tendo la huruma. Tumwombee, na saa ya dawa tusiisahau.