Masini Inaandika, Munganga Anajibu



Siku hizi mukifika kwenye dispensere, mara nyingi munamkuta munganga akiandika katika kompyuta ao tableti. Wengine wanauliza: «Huyu angali munganga, ao amekuwa karani?» Ulizo hilo ni la maana.

Masini ina faida yake. Inchi yetu ina zone za afya 519, na programu ya kompyuta inayotumiwa kukusanya namba za afya inaitwa DHIS2, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, katika Norwe. Malaria ao kuhara vikianza kuongezeka fasi fulani, namba zinaweza kuonyesha mapema.

Lakini masini haimuoni mtoto. Tutwae mfano. Mtoto wa kilo 14 ana malaria. Kipimo chake cha artemether na lumefantrine ni kidonge 1 kila mara, mara 2 kwa siku, kwa siku 3. Mkono ukikosea ukaandika kilo 41, kipimo kinakuwa cha mtu mzima: vidonge 4 kila mara! Masini inaweza kukubali, maana watu wengi wana kilo 41. Ni jicho la munganga linalosema: «Hapana, si mtoto huyu.»

Kwa hiyo munganga:

1. Aangalie mgonjwa mbele ya kuangalia kioo.
2. Asome tena kilo, miaka na kipimo mbele ya kutoa dawa.
3. Asimpe mtu neno lake la siri. Neno hilo ni kama sahihi yake: kosa likiingia kwa jina lake, ni yeye atakayejibu.

Na mkubwa wa dispensere? Kapita mwema hamfokei kijana anayesema shimoni: «Hapa kuna hatari.» Vilevile, mkubwa anayemfokea munganga aliyekubali kosa lake anawafundisha wengine kuficha. Na kosa lililofichwa linabaki ndani ya kompyuta, linamngojea mgonjwa siku atakaporudi. Mkubwa wa kweli anauliza kosa limetoka wapi, linasahihishwa, kisha wote wanafundishwa.

Nawe msomaji, una kazi yako. Mtoto akipimwa, uliza: «Mumeandika kilo ngapi?» Usione haya. Munganga anayejua kazi yake hatakasirika. Atageuza kioo, musome pamoja.