Kuketi Kwanza na Kuhesabu

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 14, Bwana Wetu asimulia habari za mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi tu na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka. Leo twapenda kulitazama neno hilo moja: kuketi.

Maana yake yaonekana wazi katika mambo yaliyotokea Urambo, magharibi ya Tabora, katika nchi iliyokuwa ya Mtemi Mirambo. Mwaka 1946 wajumbe wa serikali ya Uingereza walizunguka Tanganyika na nchi za jirani kwa majuma 9 tu, wakatoa shauri kwamba ekari zaidi ya milioni 3 zilimwe karanga. Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula baada ya vita, na haraka ilikuwa kubwa. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha ikafika Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikang'olewa. Lakini udongo na mvua havikuchunguzwa ipasavyo. Kule Kongwa ardhi ilikauka ikawa ngumu hata majembe ya matrekta yakavunjika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Watu wale hawakukosa bidii wala fedha. Walikosa kuketi kwanza.

Hatusemi hayo ili kuwacheka. Twajiuliza: je, maisha yetu ya Kikristo hayafanani na shamba lile? Twahudhuria Misa, twaimba kwaya, twakutana katika jumuiya, twatoa michango, twahangaikia karo na chakula. Yote ni mema. Lakini ni lini tulipoketi mbele ya Mungu na kumwuliza kama njia tuifuatayo yatufikisha kwake? Mtu aweza kuwa na shughuli nyingi za kanisa, huku moyo wake ni mkavu kama udongo wa kiangazi.

Kutafakari si kuwaza ovyo. Ni kunyamaza mbele ya Mungu, kulisikiliza neno lake, kuyapima maisha yetu kwa neno hilo, na kukata shauri. Mtakatifu Marko aeleza kwamba Bwana aliamka alfajiri, akaenda mahali pasipo watu kusali. Mitume waliporudi kutoka kazini, wakiwa hawana hata nafasi ya kula, aliwaita kando wapumzike. Naye Bikira Maria aliyaweka mambo yote moyoni mwake na kuyafikiri.

Wengine watasema: huo ni uvivu. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba mizigo kati ya pwani na Ujiji, hawakuwa wavivu. Hata hivyo walitua mizigo kila kambi. Asiyetua mzigo huanguka njiani nao.

Wengine watasema: hatuna nafasi. Twawaelewa. Mkulima wa tumbaku wa Urambo hukesha akiuangalia moto wa bani, na mkewe ana kuni, maji na watoto. Kwa hiyo hatudai saa nzima. Twaomba robo saa. Lakini mama mwenye mtoto mchanga hataipata robo saa hiyo asipopewa. Baba, mpokee mtoto, ukae naye nje, ili mama naye aketi kimya na Mungu wake. Hiyo nayo ni sala yako.

Njia ni nyepesi. Kwanza, chagua saa na mahali, usibadili ovyo. Simu na redio zinyamaze. Pili, soma aya chache za Injili ya Jumapili, polepole, ujiulize Bwana akuambia nini wewe, si jirani yako. Tatu, kata shauri moja dogo la kutimizwa siku hiyo hiyo: kuomba msamaha, kulipa deni, kumtembelea mgonjwa.

Zaidi ya yote, familia zisikose kuketi siku ile fedha za mavuno zinapoingia nyumbani. Hapo ndipo nyumba nyingi hujengwa au hubomoka. Kabla shilingi ya kwanza haijatoka, baba na mama wasali, wanyamaze kidogo, kisha waulizane: kibarua aliyetusaidia shambani amelipwa? Karo imetengwa? Mzee wetu ana blanketi? Anayezikwepa fedha hizo mchana huo kwa kukimbilia kilabuni, aogopa maswali hayo. Tena tafakari isiyomkumbuka kibarua haijamfikia Mungu bado.

Basi, ndugu wapenzi, tusingoje mpaka kazi ziishe, maana haziishi. Jioni hii, kabla ya kulala, tuketi robo saa. Tuhesabu tulivyojenga leo, tumwombe Mungu msamaha kwa kilichopotoka, na kesho tuamke tujenge naye.