Karteri Inayovuja: Maswali na Majibu kwa Wenye Magari ya Zamani

Katika Kinkondja, kandokando ya ziwa Kisale, ambako mto Lualaba na mitumbwi yake ndio njia kuu ya watu na samaki, gari ni mtumishi adimu. Na kwa kuwa ni adimu, likilala siku moja hasara yake huenea katika nyumba nyingi. Hapa yamejibiwa maswali juu ya karteri, yaani lile bakuli la oili lililo chini ya injini, pamoja na gasketi inayoiziba.

Swali: Kila asubuhi naona matone ya oili chini ya gari. Je, ni karteri?

Jibu: Haiyumkini kulihukumu tone kwa mahali lilipoangukia, kwa maana oili hutiririka kutoka juu, na upepo wa safarini huisukuma nyuma, hata ikadondoka kwenye karteri iliyo nzima kabisa. Injini ikiwa baridi, isugue kwa brashi na dizeli kidogo, uipanguse ikauke, uiwashe kwa robo saa, kisha uizime na kutazama kwa kurunzi kuanzia kifuniko cha vali, ushuke kwenye filta ya oili, mpaka ufike ukingoni mwa karteri. Oili ikitokea pale injini inapoungana na gia boksi, mwenye kosa aghalabu ni sili ya nyuma ya krenki, na kubadili karteri hakutaondoa maradhi hayo.

Swali: Gasketi niliyoibadilisha juzijuzi inavuja tena. Sababu ni nini?

Jibu: Sababu mashuhuri ni tatu. Ya kwanza ni nguvu iliyopita kiasi: bolti za karteri ni ndogo, nyingi zikiwa na unene wa milimita 6, nazo hutaka nyutoni-mita 8 hadi 10 hivi, yaani nguvu ya kiganja juu ya spana fupi; fundi akizikaza kwa uzito wa mwili wake, bati hudidimia penye matundu na ukingo ukawa na mawimbi. Ya pili ni uchafu, kwani masalio ya gasketi kuukuu, au utando mwembamba wa oili, huizuia gasketi mpya kushika. Ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni kuziba kwa bomba la pumzi la injini: gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni, zikikosa pa kutokea, huisukuma oili nje kwa kila upenyo. Basi bomba hilo lizibuliwe kabla gasketi haijalaumiwa.

Swali: Gasketi ya dukani ni lazima iagizwe Lubumbashi, ije kwa reli hadi Bukama, kisha ishuke na mto. Je, nikate ya mpira wa tyubu?

Jibu: Hasha. Mpira wa tyubu hufyonza oili, ukavimba na kulainika, kisha ukatoka mahali pake. Karatasi ya gasketi, au koki, iliyokatwa kwa kuufuata ukingo wenyewe, ni bora zaidi. Fahamu pia kwamba Toyota nyingi tangu miaka ya 1980 huzibwa kwa dawa ya silikoni inayostahimili oili, wala si kwa gasketi ya kukatwa. Dawa hiyo ipakwe mstari mmoja usiokatika, wa milimita 3 hadi 5, upande wa ndani wa matundu ya bolti, na karteri ipandishwe mara moja. Ikizidi, hufinyikia ndani, na vipande vyake huweza kuziba chujio la pampu, ikawa sababu ya injini kufa kwa kukosa oili.

Swali: Kazi yenyewe ifuate utaratibu gani?

Jibu: Udongo wa bonde hili ni laini, hasa wakati wa mvua, kwa hiyo jeki na stendi ziwekwe juu ya mbao nene, wala mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Oili imwagwe ikiwa vuguvugu. Bolti zikishatoka, karteri isibanduliwe kwa bisibisi, itakayochubua uso wa bloku, bali igongwe taratibu kwa kipande cha ubao. Ukingo uliopinda unyooshwe juu ya chuma kilicho sawa. Katika kufunga, bolti zote zianzwe kwa vidole, kisha zikazwe kutoka katikati kuelekea pembeni, kwa awamu mbili au tatu. Mwenye kutumia silikoni afuate muda ulioandikwa kwenye tyubu. Akiweza kungoja siku nzima kabla ya kutia oili, ni salama zaidi.

Swali: Jiwe limetoboa karteri. Nichomee au nitafute nyingine?

Jibu: Ya bati huchomewa, madhali imetolewa garini na kuoshwa hata isibaki oili ndani, kwa kuwa masalio hushika moto. Ikishachomewa na kupoa, itiwe mafuta ya taa na kuachwa usiku kucha, maana hayo hupenya ufa mdogo na kuudhihirisha. Iliyoliwa na kutu ibadilishwe, kwani tundu moja likizibwa, jirani yake hufunguka.

Swali: Oili chafu tuimwage wapi?

Jibu: Si ardhini, wala si majini. Oili hutanda juu ya maji na kuzuia hewa isiingie, nayo hubeba chembe za metali zilizosagika katika injini. Na iwekwe katika dumu lenye kifuniko, juu ya kimo cha mafuriko, mpaka apatikane wa kuichukua. Kwani fundi aliyeokoa gari la mchuuzi wa samaki, kisha akalitia sumu ziwa wanamovuliwa samaki hao, hajamfaa mteja wake.