Somo la 14: Kusogeza na Kubadili Umbo la Picha

Simama ukingoni mwa bahari pale Forodhani, Mji Mkongwe, jioni ngalawa zinapopita. Itazame moja kwa makini. Inasogea mbele. Wimbi likiipiga, inainama. Ikifika mbali, inaonekana ndogo. Upepo ukivuma, tanga lake linatuna. Mabadiliko haya manne ndiyo ayatumiayo mchoraji wa katuni anapofanya kazi kwa kompyuta. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, zimetengenezwa kwa kompyuta.

Kompyuta hulihifadhije umbo?

Kompyuta haijui tanga ni nini. Katika michoro ya namna hii, huhifadhi nukta za umbo. Kila nukta ina namba mbili: ya kwanza huonyesha umbali wa kwenda kulia, na ya pili umbali wa kwenda juu. Namba zikibadilika, picha nayo hubadilika.

Jaribio

Vifaa: karatasi ya miraba, kadi, mkasi, penseli na pini.

Chora tanga la pembetatu lenye kitako cha miraba 4 na kimo cha miraba 6. Kata kadi yenye umbo na ukubwa huo huo.

1. Kuhamisha. Sogeza kadi miraba 5 kulia. Namba ya kwanza ya kila nukta imeongezeka kwa 5.

2. Kuzungusha. Choma pini katika pembe moja, kisha uizungushe kadi. Rudia, pini ikiwa katikati. Je, kadi imepita njia ile ile? Mlango huzunguka kwenye bawaba zake. Mchoraji akiweka pini katikati ya ubao wa mlango, nusu yake itakwenda upande mmoja na nusu nyingine upande wa pili.

3. Kukuza. Zidisha kitako na kimo kwa 2, kisha uchore tena. Eneo lilikuwa miraba 12. Sasa ni 48, yaani mara 4. Pembe hazikubadilika. Ukizidisha kimo peke yake, pembe zitabadilika.

4. Kubadili umbo. Weka nukta katikati ya upande wa mshazari. Ivute nje, kisha uunganishe kwa mstari uliopinda. Tanga limetuna.

Umegundua nini?

Kuhamisha na kuzungusha hakubadili umbo. Kukuza kwa usawa pia hakulibadili. Badiliko la nne huleta umbo jipya. Kwa hiyo litumie kwa uangalifu. Tanga ni kitambaa, na upepo hulitunisha. Ngalawa huchongwa kwa gogo, na upepo hauwezi kulitunisha gogo. Ukivuta nukta za chombo kama ulivyovuta za tanga, mtazamaji atadhani chombo kimetengenezwa kwa mpira. Kabla ya kuvuta nukta, jiulize: kitu hiki kimeundwa kwa nini?

Katika sinema, kwa kawaida picha 24 hupita kwa sekunde 1. Mchoraji akiweka mahali pa kuanzia na pa kumalizia, kompyuta yaweza kukokotoa picha za katikati. Kwa mwendo ulio sawa, tanga likienda miraba 12 kwa sekunde 1, husogea nusu mraba katika kila picha.

Maswali

1. Ngalawa inapokwenda mbali, mchoraji hutumia badiliko gani?
2. Usukani wa jahazi uzungushwe pini ikiwa wapi? Kwa nini?
3. Taja vitu viwili nyumbani kwenu vinavyobadilika umbo kwa upepo, na viwili visivyobadilika.